Nganda Mpya Mtaani Katuba

Mtu atokaye katikati ya mji wa Lubumbashi kwenda Katuba hupita Kamalondo, kisha Kenya, na katika njia hiyo yote haendi hatua mia asione viti vya plastiki vilivyopangwa mbele ya nyumba. Viti hivyo ni alama. Mahali penye viti vya namna hiyo, na mwavuli mkubwa wenye jina la bia, na mbabula inayofuka moshi kando ya ukuta, mgeni na ajue kwamba amefika kwenye nganda.

Neno lenyewe si la Kiswahili cha asili. Limetoka kwa watu wa mtoni, wasemao Kilingala, na hapo kwanza maana yake ilikuwa kambi ya wavuvi, yaani vibanda vya muda vilivyojengwa ukingoni. Wavuvi walikaa humo majuma kadhaa, wakavua, wakakausha samaki, wakala na kunywa pamoja mbali na nyumba zao. Baadaye watu wa Kinshasa walilichukua jina hilo wakaliita nyumba au ua ambamo mama mmoja hupika chakula na kuuza vinywaji, na kutoka Kinshasa likasafiri hata kufika kwetu Katanga. Sisi twaona jina hilo limechaguliwa vema. Mtu wa mjini naye hukaa humo kama mvuvi kambini: amekuja kwa muda tu, na kwake wanamngoja.

Mwishoni mwa kiangazi, mijakaranda ilipoanza kuchanua, nganda mpya ilifunguliwa katika barabara yetu ya Katuba. Ukuta mmoja tu waitenga na ua wa shule ya msingi. Siku ile ile maneno yakaanza. Wazazi wengine walisema kwamba kelele zitawaharibia watoto masomo. Wengine walisema kwamba mishahara itayeyuka humo. Wengine, nao hawakuwa wachache, walinyamaza kwa kuwa walikuwa wamekwisha kwenda kuonja. Barua ikaandikwa kwa mkuu wa komini, kumwomba aifunge nyumba hiyo. Ilipoletwa mbele ya wazazi ili watie sahihi, mzee mmoja, aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, akaisukuma kando akasema: “Wanangu, mimi sitii sahihi juu ya nyumba nisiyoingia.”

Basi tukachaguliwa watu wanne, baba wawili na mama wawili, naye mzee huyo akiwa mmoja wetu, twende Jumamosi jioni, tukae, tule, tutazame, kisha tuwaeleze wenzetu. Ni nani atakayelipa, hilo halikusemwa na mtu.

Tulifika saa kumi na moja na nusu, jua likiwa bado kali. Ua ni mdogo lakini umefagiwa vizuri. Kuta ni za matofali ya udongo wa kichuguu, kama nyingi za kwetu, kwa maana vichuguu vya Katanga ni virefu kupita nyumba, na udongo wake ukichomwa huwa mgumu sana. Ukuta wa mbele umepakwa rangi na kampuni ya bia, ambayo pia imeleta viti, miavuli na friji. Wasomaji wasidhani kwamba ni zawadi. Kampuni huleta vitu hivyo ili nyumba iuze bia yake, na ukuta uliopakwa rangi ni tangazo ambalo kampuni hailipii kodi ya pango.

Mwenye nyumba alitoka jikoni akipangusa mikono. “Karibuni, baba, karibuni, mama. Leo kuna sombe, kuna bitoyo, kuna muchopo wa mbuzi. Mtakula nini?” Tulitazamana. Katika nyumba nyingi za namna hii swali la kwanza ni lingine.

Msichana akaleta beseni, sabuni na birika la maji ya uvuguvugu, akatunawisha mmoja mmoja akianza na mzee. Kisha chakula kikaja, na hapo yatupasa kuandika polepole kidogo. Bukari ilikuwa ya mahindi iliyochanganywa na muhogo, laini, isiyo na madonge. Mama alitueleza kwamba zamani alipika kwa unga wa mahindi mtupu. Wenyeji wa Lubumbashi wajua sababu ya mchanganyiko huo: mahindi mengi ya mji huu hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, na mwaka wa 2024, ukame ulipoharibu mashamba ya Zambia, mfuko wa unga ulikuwa mzigo mzito kwa kila jamaa. Tangu hapo amezoea kutia muhogo, na wateja nao wamezoea. Sombe ilikuwa imetwangwa hasa, ikapikwa kwa mafuta ya mawese na karanga mpaka mafuta yakapanda juu. Bitoyo, wale samaki wa chumvi waliokaushwa, ilikuwa imelowekwa vya kutosha hata chumvi haikutuuma ulimi. Kulikuwa pia na kikanda, ile keki nyeusi ya viazi vya maua ya porini, iliyotwangwa pamoja na karanga na pilipili. Wageni watokao Kasai au Kivu huidhani nyama mpaka waambiwe. Mzee aliuliza kama kuna bishimu. Mama akacheka: “Baba, ngoja mvua inyeshe kwanza. Waliokauka nimewamaliza.” Viwavi hao huja na majira yao, wala fedha haiwezi kuwaharakisha.

Huko mezani palikuwa na jamaa nyingine mbili zenye watoto, zikila. Jambo hili tuliliandika katika daftari letu.

Kwa vinywaji tuliletewa habari ya Simba na Tembo, bia za hapa hapa mjini, na soda, na munkoyo. Wanawake wawili tuliofuatana nao waliagiza munkoyo, nasi tukaonja. Munkoyo huu hakuununua kwa mtu; huupika mwenyewe. Huchemsha uji wa mahindi, huuacha upoe, kisha hutia mizizi ya mmea wa porini iitwayo munkoyo, iliyopondwa ikawa kama nyuzi. Mizizi hiyo ina nguvu ya ajabu: huukata uji mzito ukawa maji matamu, kwa sababu huigeuza wanga kuwa sukari. Ukinywewa mapema haulevyi, na watoto huupewa. Ukiachwa siku mbili au tatu huanza kuuma ulimi, na hapo si kinywaji cha mtoto tena. Mama hutengeneza ndoo mbili kila Ijumaa jioni, na Jumamosi usiku ndoo hutupu.

Juu ya bia, twapenda kutoa hesabu moja kwa ajili ya wale wapendao hesabu. Chupa kubwa ya kwetu yakaribia robo tatu ya lita. Ikiwa nguvu yake ni 5 kwa mia, chupa moja ina mililita 36 hivi za pombe tupu. Mtu anywaye chupa nne amekunywa mililita 144, yaani karibu glasi nzima ya pombe isiyo na maji, hata kama aliinywa taratibu, akicheka na rafiki zake. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Tulipomsomea mzee maneno hayo, alitazama glasi yake ya Tembo, akanywa, akasema: “Mimi nina miaka sabini na minane.” Hatukuwa na jibu.

Saa moja na nusu umeme ulikatika, kama ilivyo desturi. Kipaza sauti, ambacho hata hapo kilikuwa kinatupigia makelele masikioni, kikanyamaza, na jenereta haikuwashwa mara moja kwa kuwa mafuta yalikuwa machache. Taa ya betri ikawekwa juu ya meza. Kijana mmoja aliyekaa pembeni akachukua gitaa, akaanza kupiga kwa vidole viwili, mtindo wa zamani wa Katanga. Mzee akainua kichwa. Alitukumbusha habari za Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimkuta Likasi, mji ulioitwa Jadotville siku hizo, akazitia nyimbo zake katika sahani. Gitaa lake likasikiwa mbali sana na Katanga. Mwenda alifariki mwaka wa 1990. Vijana wa meza ya pili hawakuwa wamelisikia jina lake.

Kisha mzee akaendelea kutuambia jinsi mabaa ya Kamalondo na Kenya yalivyokuwa zamani za baba yake, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Mvinyo na pombe kali za Ulaya alikatazwa kabisa, na katazo hilo liliondolewa miaka michache tu kabla ya Uhuru wa 1960. Kwa hiyo baa ya mtaani ilikuwa mahali pa pekee ambapo Mluba, Mbemba, Msanga na Mtabwa, waliokuja kwa kazi ya shaba na ya reli, walikaa meza moja wakasema Kiswahili, kwa kuwa lugha za nyumbani hazikufikiana. Sisi twasadiki kwamba Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambacho watu wa pwani hukicheka, kilikomaa mahali pa namna hiyo sawasawa na kule migodini. Mwalimu wa lugha asiyependa mabaa yampasa alikubali jambo hilo hata kama halimfurahishi.

Mama mwenye nyumba, akiwa hana la kufanya gizani, alikuja kukaa nasi. Tulimwuliza fedha za kufungulia alizipata wapi. Alisema kwamba kwa miaka saba aliwauzia chakula madereva wa malori kando ya barabara, akiwa ndani ya likelemba ya wanawake kumi. Kila mwezi kila mmoja alitoa kiasi kile kile, na mmoja akapokea chote. Zamu yake ilipofika mara ya tatu hakununua vitambaa, alinunua makasha. Watu wasiofanya biashara hii hudhani kwamba mtaji ni bia. Sivyo. Mtaji ni chupa tupu. Kasha la chupa kubwa 12 halitolewi kama huna kasha jingine la chupa tupu la kurudisha, na chupa ikivunjwa na mlevi, hasara ni ya mwenye nyumba. “Bia yenyewe faida yake ni ndogo, baba,” alisema. “Sahani ndiyo inayosomesha watoto wangu.” Anao wanne. Tangu mwaka wa 2019 shule ya msingi ya serikali hailipiwi, lakini wawili wako sekondari, na huko malipo hayajaondolewa.

Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo kwa ajili yake hasa twaandika.

Baba mmoja wa barabara yetu, ambaye twamjua sote nasi hatutamtaja, alikuwa amekaa peke yake tangu tulipofika. Alikuwa amemaliza chupa mbili. Akaita kwa sauti: “Mama, niletee mbili tena, uniandikie.” Mama akaenda jikoni, akarudi na daftari, akalifungua mbele ya taa ili hata sisi tulione. Lilikuwa na majina, na mbele ya kila jina sahani: bukari na sombe, bukari na samaki. Hapakuwa na chupa hata moja. “Baba yangu,” akamwambia, tena kwa upole, “deni la sahani naandika. Deni la chupa siandiki. Nikuletee bukari?”

Yule baba alisimama. Alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha akasema: “Basi nitakwenda kwa wanaoandika.” Akatoka. Wote tulijua anakwenda wapi. Nyua mbili nyuma ya pale huuzwa lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo uliochachuka, ambayo mvuke wake hupitishwa katika bomba lililozamishwa majini mpaka ukatone. Hakuna apimaye nguvu yake, hakuna kiti, hakuna chakula, na huko kweli huandika, hata mtu akafika mwisho wa mwezi mshahara wake ukiwa umekwisha kuliwa na daftari la mwingine.

Kwa muda hatukusema neno. Kisha mmoja wa wale mama wawili, jirani wa mke wa mtu yule, akasema polepole: “Afadhali angebaki hapa. Angalau angekula.” Mwenzake akamjibu mara moja: “Afadhali angebaki kwake.” Nao hawakukubaliana usiku ule, wala hawajakubaliana hata leo. Sisi twamwelewa kila mmoja. Wa kwanza aliona kwamba mtaani kwetu mwenye kiu hachagui kati ya nganda na nyumba yake. Huchagua kati ya nganda na lutuku. Wa pili aliona kwamba mtu yule, kabla ya kwenda kwenye lutuku, alikunywa chupa mbili hapa hapa, kwa fedha taslimu, na fedha hizo mkewe hakuziona.

Palikuwa na jambo la pili. Mvulana mmoja alikuwa akizunguka kati ya meza akikusanya chupa tupu. Twamjua huyo, kwa maana ndiye anayesinzia darasani siku ya Juma Tatu. Mama mmoja wetu akamwita mwenye nyumba: “Dada yangu, mtoto huyu ni wako?” Akasema ni mtoto wa marehemu ndugu yake, anamlea yeye. “Hulala saa ngapi?” Mwenye nyumba hakujibu upesi. “Tukifunga,” akasema. Na kufunga, siku ya Jumamosi na Dominika, ni baada ya saa sita za usiku. Umeme ulirudi wakati ule ule, kipaza sauti kikaanza tena kwa nguvu, nasi hatukuweza kuongea zaidi. Tulilipa, kila mtu sehemu yake, tukaondoka saa tatu.

Dominika alasiri tuliwaeleza wazazi yote tuliyoyaona, bila kuongeza wala kupunguza. Mabishano yalikuwa marefu. Baba mmoja alisema kwamba sahani nzuri ni chambo tu, na kwamba mvuvi hasifiwi kwa sababu ya chambo. Mwingine akamwuliza mbona barua haikuandikwa kamwe juu ya ua wa lutuku, uliopo miaka tisa, tena nao u karibu na shule. Naye akajibu kwamba mwenye ua ule ana ndugu katika polisi. Hapo watu walicheka, lakini si kwa furaha. Mama mmoja, ambaye hajapata kusema katika mikutano yetu, alisimama akasema kwamba yeye ndiye aliyekula sahani ya deni mara tatu mwezi uliopita, pamoja na watoto wake, mumewe akiwa mgodini Kolwezi bila kutuma kitu, na kwamba kama nyumba hiyo itafungwa, wale watakaotia sahihi wamwambie mahali pengine pa kula. Akakaa.

Mwishowe iliandikwa karatasi nyingine, si kwa mkuu wa komini bali kwa mwenye nyumba, nayo ilipelekwa na wale wale wanne. Ilikuwa na maombi matatu: kipaza sauti kigeuzwe kutoka upande wa shule, na kizimwe saa tatu za usiku siku zinazofuatwa na masomo, mwanafunzi asiuziwe pombe, hata akisema ametumwa na baba yake, na yule mvulana alale saa mbili. La kwanza alilikubali papo hapo, akasema hata yeye makelele humuumiza kichwa. La pili alisema ndivyo afanyavyo tangu siku ya kwanza. Juu ya la tatu alituuliza ni nani basi atakayekusanya chupa, maana chupa ikiibiwa kasha haliendi. Mzee wa reli akasema kwamba yeye halali mapema, na kwamba kukusanya chupa si kazi ngumu kwa mtu aliyewahi kukusanya tiketi.

Majuma matano yamepita. Mvua za kwanza zimeanza, na bishimu wameonekana sokoni. Kipaza sauti kimegeuzwa. Huzimwa saa tatu siku nyingine, saa nne siku nyingine. Mzee huenda Ijumaa na Jumamosi, hukusanya chupa, na hupewa sahani. Mvulana amekwisha kukaa macho katika masomo mawili ya Juma Tatu mfululizo. Yule baba bado hupita nyuma ya ukuta kwenda kule wanakoandika. Ile barua ya kwanza ingali kwa mwenyekiti wa wazazi, ndani ya daftari lake, haijatiwa sahihi wala haijachanwa.